Noti Mbili kwenye Uzi Mmoja

Ujumbe uliingia Jumanne usiku. Stima zilikuwa zimepotea mtaani na mimi nilikuwa nimekaa gizani nikingoja zirudi nimalizie kazi ya mteja. Aliyeandika ni kijana wa Kisumu ambaye hatukuwa tumewahi kukutana.

"Habari yako mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Niliona jina lako kwenye ule wimbo, wameandika wewe ndiye mpiga Stick. Mimi nimeletewa moja na mjomba wangu anayeishi Marekani. Si mpya lakini iko sawa. Ile sehemu yako ya kiitikio nimeijaribu wiki tatu sasa na vidole vimekataa kabisa. Wewe unafanyaje? Ama ni mkono wangu ndio mdogo?"

Niliusoma mara mbili, nikaiweka simu kifudifudi mezani. Sababu ni moja, na afadhali niitaje mapema: wakati huo sikuwa nimewahi kuigusa Stick hata siku moja. Sikuwa nimeiona kwa macho, sembuse kuishika. Nilichokuwa nacho ni tarakilishi, programu, na vibao viwili vya vitufe nilivyouziwa na jamaa aliyekuwa akifunga studio yake.

Je, mtu anaweza kusema anajua ala ambayo hajawahi kuishika? Na akisema hivyo, anamkosea nani? Kabla ya usiku ule ningekujibu haraka haraka kwamba hamkosei yeyote. Muziki ni sauti, sauti imetoka, watu wamefurahi, basi. Siku hizi sijibu haraka hivyo.

Kwanza tuelewane kuhusu ala yenyewe, manake huku kwetu si wengi wanaoifahamu. Chapman Stick ni ubao mrefu mwembamba wenye nyuzi 10 au 12, kama shingo ya gita iliyokataa kuolewa na tumbo lake. Mpigaji huivaa ikiwa imesimama mbele ya kifua, imeshikiliwa na mkanda wa begani na kindoano kwenye mshipi wa kiunoni. Kwenye gita la kawaida mkono mmoja hubana uzi na mwingine huukwanyua. Kwenye Stick kidole kimoja hufanya kazi zote mbili. Unaugonga uzi kwa ncha ya kidole, unagota kwenye freti, yaani vile vichuma vilivyolazwa shingoni, na papo hapo unalia. Kwa hivyo mikono yote miwili iko huru, kama kwenye piano: mmoja unaenda na besi, mwingine na melodia.

Aliyeibuni ni Emmett Chapman, mpiga gita wa jazi wa Los Angeles. Mnamo Agosti 1969 alikuwa akifanya mazoezi nyumbani kwa gita la nyuzi 9 alilojitengenezea, akagundua kwamba mkono wa kulia unaweza kuingia kutoka upande wa pili wa shingo, vidole vikiwa sambamba na freti, ukagonga nyuzi sawasawa na wa kushoto. Gita halikuwa limetengenezwa kwa mtindo huo, basi akatengeneza ala nyingine inayofaa. Za kwanza zilianza kuuzwa mwaka 1974. Chapman aliaga dunia mwaka 2021, akiwa ameishi na wazo lile moja zaidi ya miaka 50.

Mimi nilikutana nayo kwa masikio. Rafiki alinichezea albamu ya King Crimson ya mwaka 1981, Discipline. Wimbo wa kwanza unafunguliwa na Tony Levin akipiga Stick, na nikadhani nasikia watu wawili, mmoja wa besi na mmoja mcheshi. Nilipoambiwa ni mtu mmoja, nilikaa kimya kwa muda. Usiku huo huo nikatafuta bei. Ala mpya inahesabiwa kwa maelfu ya dola, na hapo hujalipa usafiri wala ushuru wa forodha. Mimi hurekodi kwaya na waimbaji wa injili katika studio ndogo ya Ruiru. Piga hesabu mwenyewe.

Ndipo nikaingia njia ya mkato, ama nilivyoiona mimi, njia ya pekee. Nilipata programu ya ala pepe. Ndani yake mna sampuli: mtu fulani, mahali fulani, alikaa na Stick halisi akagonga noti moja moja, kwa upole na kwa nguvu, akazirekodi zote. Nikibonyeza kitufe, programu inanichezea noti aliyoigonga yeye. Kibao cha mkono wa kulia nilikipanga kila safu ipande hatua 5 za nusu toni, na cha kushoto hatua 7, kwa sababu nyuzi za melodia na za besi za Stick zimepangwa hivyo. Nikavisimamisha vibao vyangu kwa kuviegemeza kwenye masanduku ya spika. Nikaanza mazoezi, saa moja kila usiku, kwa karibu miaka miwili.

Sitaki mtu adhani nilikuwa nacheza. Nilijifunza kweli. Mkono wa kushoto ulizoea kutembea kwa hatua 7 hadi nikawa nautazama kama mkono wa mtu mwingine. Niliijua ramani: D iko wapi, inarudi wapi tena, na kutoka hapo F iko umbali gani. Asubuhi kwenye matatu nilikuwa nikijikuta nagonga goti langu kwa mpangilio ule ule.

Kisha ikaja kazi ya wimbo. Dada mmoja mwimbaji alitaka kitu tofauti kwenye kiitikio, kisicho gita wala kinanda. Nikamtengenezea kipande kwa vibao vyangu, akakipenda sana. Akaniuliza hiyo ni ala gani. Nikamwambia, "Inaitwa Chapman Stick." Hilo halikuwa uongo, si sauti ni ya Stick? Akaenda akaandika kwenye maelezo ya wimbo: jina langu, kisha Chapman Stick. Niliona kabla halijatoka. Nilikuwa na siku tatu za kusema neno. Sikusema. Kwa nini niseme? Jina lilipendeza. Lilikuwa na uzito. Lilinifanya nionekane mtu wa pekee katika mji uliojaa wapiga kinanda.

Na sasa kijana wa Kisumu alikuwa ananiuliza kama mkono wake ni mdogo.

Stima ziliporudi nilifungua faili la wimbo. Nilitaka tu kuona ni sehemu gani inamsumbua ili nimpe ushauri wa maana. Nikaiona, na tumbo likaniporomoka. Kwenye kiitikio, upande wa besi kabisa, kuna mahali ambapo D na F zinalia pamoja, chini sana, zikitoa mngurumo kama wa ngoma kubwa. Ni mahali ninapopapenda kuliko pote katika kipande kile. Katika mpangilio wa kawaida wa Stick ya nyuzi 10, uzi mzito kuliko zote ni C. Unaofuata upande wa besi ni G. Upande wa melodia uzi mzito zaidi ni F#. Kwa hivyo D na F zile, zote mbili, zinapatikana kwenye uzi mmoja tu, ule wa C. Na uzi mmoja hautoi noti mbili kwa wakati mmoja. Ukigonga freti mbili za uzi huo huo, utasikia ile ya juu tu.

Kwenye kibao changu nilibonyeza vitufe viwili vya safu moja, na programu ikanipa noti zote mbili bila kuuliza. Haikuwa na sababu ya kukataa. Kwake safu si uzi, ni vitufe vilivyokaa pamoja.

Mkono wa kijana haukuwa mdogo. Alikuwa ametumia wiki tatu akijaribu kufanya jambo ambalo Stick kama yake haiwezi kulifanya, na kila jioni aliposhindwa alijilaumu yeye.

Je, nilimwandikia hivyo? La. Nilimwandikia: "Endelea na mazoezi ndugu yangu, polepole. Itakuja." Alinijibu papo hapo: "Asante sana mwalimu, sitachoka." Nikalala. Yaani nililala kitandani, usingizi ni jambo lingine.

Kesho yake nilikumbuka jambo ambalo ningependa nisingelikumbuka. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimetazama filamu fupi ya kigeni ambayo muziki wake ulikuwa na nyatiti. Mwishoni, kwenye majina, mtu aliandikwa kwamba amepiga nyatiti. Nilijua mara moja kwamba ni sampuli. Nyatiti ina nyuzi 8, lakini ile ilikuwa inapanda na kushuka kama kinanda cha vitufe 88. Na kulikosekana mguu. Mpiga nyatiti hukaa kwenye kigoda chake, amevaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, ile oduong'o, na anaigongesha kwenye ala huku njuga za gara zikilia mguuni. Mtu yule yule anakwanyua, anagonga, anatikisa na anaimba. Ukiondoa mguu umebaki na nyuzi tu. Nilikasirika. Nilimwambia mke wangu, "Hawa watu wanachukua sauti wanaacha mtu." Nilipenda sana sentensi hiyo. Niliirudia kwa marafiki, hata kwenye baa.

Sasa sentensi ilikuwa imerudi nyumbani kunitafuta. Mimi pia nilichukua sauti nikaacha mtu. Tofauti ni kwamba wa kwangu alikuwa Mmarekani.

Nilijitetea, bila shaka. Mtu akibanwa na dhamiri hugeuka wakili. Niliyapima matetezi yangu moja moja, na nadhani kila moja lina ukweli fulani ndani yake, ndiyo maana yanadanganya vizuri.

La kwanza: msikilizaji hajali. Nusu ya nyimbo ninazorekodi zina fidla za programu, na hakuna aliyewahi kulalamika. Kweli. Lakini katika nyimbo hizo hakuna aliyeandikwa kuwa mpiga fidla. Sauti ikitoka kwenye spika haidai kitu. Anayedai ni maandishi. Jina likiandikwa kando ya ala, hiyo ni taarifa kuhusu jinsi jambo lilivyotendeka: kulikuwa na mtu, kulikuwa na ala, huyu aliipiga ile. Na taarifa ina mpokeaji. Wengi waliipokea wakapita. Mmoja aliipokea akaijengea wiki tatu za maisha yake.

La pili ni zito zaidi, na sijaliacha mpaka leo: wasio na pesa wafanye nini? Wangoje? Kama ala inauzwa kwa bei ya pikipiki, je, muziki wake uwe wa wenye pikipiki? Hapa Pwani yetu ina mfano mzuri. Taishokoto ni ala ya Kijapani, ilibuniwa Nagoya mwaka 1912, ina nyuzi chache na vitufe vinavyofanana na vya taipu. Ilivuka bahari hadi ikafika Mombasa na kuingia katika taarab, na ukiwasikia wapigaji wa Mombasa hukumbuki Japani hata kidogo. Hawakungoja ruhusa ya Nagoya. Waliichukua ala wakaifundisha lugha yao. Nani atasema walikosea?

Mimi sisemi. Lakini tazama vizuri walichokifanya. Waliishika. Ilikuwa mkononi mwao, na mkono ukikosea ala inasema hapo hapo. Muziki waliouzaa ulizaliwa kutokana na yale ambayo taishokoto inaweza na isiyoweza. Haki ya kuchukua kitu cha mbali ni kubwa, naitetea mpaka kesho. Haki hiyo haiji na haki ya pili, ya kusema umeshika usichoshika. Umaskini wangu ulinipa sababu ya kutumia programu. Haukunipa sababu ya kunyamaza siku tatu.

La tatu: marubani. Hawa hufundishwa kwenye mashine zinazoiga ndege, wakiwa chini kabisa, na siku wanapopaa tunawakabidhi watoto wetu. Ikiwa kivuli cha ndege kinamfundisha rubani, kwa nini kivuli cha Stick kisinifundishe mimi?

Hili lilinisumbua kwa siku kadhaa, kwa sababu ni kweli kwamba kivuli hufundisha. Kilinifundisha mimi. Jibu nililolipata ni kwamba mashine ya rubani imetengenezwa kwa makusudi ili imwangushe. Inamzimia injini, inamletea upepo mbaya, inamwonyesha kwamba akivuta hivi atakufa. Thamani yake yote iko kwenye yale inayokataa. Programu yangu ilitengenezwa kwa nia tofauti: impe mtumiaji sauti nzuri kila mara, asikwame, asikasirike, anunue na nyingine. Iliiga kila kitu cha Stick isipokuwa kukataa kwake. Freti za ala halisi zinasogeleana kadiri unavyopanda, mpaka ukifika ya 12 nafasi ni nusu ya zile za mwanzo. Vitufe vyangu vyote vina ukubwa mmoja. Uzi halisi ukigongwa vibaya unakoroma. Kitufe hakijui kukoroma. Na uzi mmoja unatoa noti moja.

Tunaita vitu hivi pepe, na tumezoea kuwaza upepo, kitu kinachosafiri bila uzito, kama barua pepe. Lakini Kiswahili kina pepe nyingine ya zamani: punje ya nafaka isiyo na kitu ndani, ile inayopeperuka mtu akipepeta. Kwa nje inafanana na punje nzima. Ungo ndio unaotofautisha. Usiku ule kijana wa Kisumu alikuwa ungo wangu.

Mwanafalsafa Mwingereza Gilbert Ryle, katika kitabu chake The Concept of Mind cha mwaka 1949, alitenganisha kujua kwamba jambo ni kweli na kujua jinsi ya kutenda. Unaweza kujua mengi kuhusu kuogelea na bado ukazama. Mwanzoni nilidhani kosa langu ni hilo, kwamba nilikuwa na maarifa ya vitabuni bila ya mikono. Lakini sivyo. Mikono yangu ilijua. Miaka miwili si mchezo. Ilijua kupiga vibao viwili vya vitufe vilivyopangwa kwa hatua 5 na 7, vikiegemezwa kwenye spika. Huo ni ujuzi halisi, na nilikuwa mzuri. Shida ni kwamba ala yangu haikuwa na jina. Ukimwambia mtu unapiga vitufe, anafikiria mchezo wa watoto. Nikaazima jina la ala nyingine ili nisione haya kwa ajili ya yangu.

Hapo ndipo niliona kosa lina pande mbili. Nilimkosea kijana, na nilivikana vile vibao vilivyonifundisha.

Siku ya nne nilimpigia simu. Ujumbe ungekuwa rahisi, ndiyo maana sikuutuma. Nilimwambia: mimi sina Stick, sijawahi kuwa nayo, kipande kile nilikipiga kwa programu, na noti mbili zile haziwezekani kwenye ala yako. Mkono wako hauna tatizo lolote. Akanyamaza. Nikasikia pikipiki zikipita upande wake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Lakini juzi uliniambia itakuja."

Katika yote, hilo ndilo liliniuma zaidi. Wimbo ulitoka kabla sijamjua. Yale maneno, "endelea na mazoezi", niliyasema nikiwa nimemjua na nimelifungua faili. Uongo wa kwanza ulikuwa wa majivuno na haukumlenga mtu. Wa pili ulikuwa na anwani.

"Ndiyo," nikamwambia. "Nilikudanganya. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alisema anashukuru kujua, na kwamba ana kazi, atanitafuta.

Yule dada mwimbaji naye nilimpigia. Nilimwomba abadilishe maelezo ya wimbo. Alikuwa ameshaitaja Stick kwenye mahojiano ya redio na kwenye bango la uzinduzi. "Kaka, kwani hukuweza kuniambia mapema?" aliniuliza, na sikuwa na jibu. Maelezo yalibadilishwa: sasa jina langu linafuatwa na maneno "vibao vya vitufe na programu". Hayavutii, nakubali. Wimbo wake uliofuata aliurekodi kwingine.

Baada ya hapo nilifanya jambo moja zaidi kwenye studio. Niliingia kwenye mipangilio, nikaipa kila safu njia yake na kuiambia: safu moja, noti moja. Ukibonyeza ya pili kwenye safu hiyo, ile ya chini inyamaze. Ilinichukua jioni nzima. Nilipomaliza, nilijaribu kiitikio changu na hakikupigika. Nilikaa hapo nikicheka peke yangu. Kwa mara ya kwanza programu ilikuwa imeniambia hapana, na nililazimika kutafuta njia nyingine kupita pale. Nikaigonga D kwanza, nikaiachia, halafu F, kama mtu anayevuka mto kwa kuruka mawe. Mngurumo ulipotea. Kilichokuja badala yake kilikuwa na mwendo.

Nilirekodi toleo hilo kwa simu nikamtumia kijana, pamoja na mchoro wa vidole. Sikuandika neno zaidi ya "Hii nadhani inawezekana. Jaribu uniambie."

Zilipita wiki mbili. Kisha ikaja video yake, dakika moja na ushei, amesimama sebuleni mwao na Stick kifuani. Ilikuwa na makosa. Nyuzi zilikuwa zinakwaruza. Lakini D ilikuja, ikaondoka, F ikaja. Chini aliandika: "Inawezekana. Lakini kidole cha tatu ni bora kuliko cha pili hapo, wewe huwezi kujua."

Wewe huwezi kujua. Niliisoma bila kuumia. Ilikuwa kweli, na ilikuwa mara ya kwanza yeye na mimi kuongea kila mtu akiwa mahali pake.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa na kazi ya kurekodi kwaya upande wa Nyanza, nikapitia kwao. Mama yake alinipa chai na viazi vitamu, akaniita mwalimu, nikamtazama kijana, naye akatazama pembeni akitabasamu. Alinivisha ala mwenyewe, akafunga mkanda, akaingiza kindoano kwenye mshipi wangu. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Nilitafuta D. Kidole kilienda penyewe, hakikupotea hata kidogo, miaka miwili ya ramani ilikuwa pale pale. Nikagonga. Uzi ulikoroma kama bati lililolegea.

"Karibu na freti," akasema. "Uko mbali. Sogea."

Nikasogea.

"Bado."

Nikasogea tena.